Kabla Hujanunua DAC: Safari ya Sauti Kutoka Santuri Hadi Rununu

Mwaka jana mzee mmoja, jirani yetu hapa Kangundo, alinijia na karatasi mkononi. Kijana wake aliye Nairobi alikuwa amemwandikia herufi tatu, DAC, na chini yake bei. "Mwanangu," akaniambia, "wewe unaandika programu za tarakilishi, mambo haya unayajua. Nikinunua hiki kitu, nyimbo za Kakai zitarudi kama zilivyokuwa?" Niliitazama ile bei. Ilikuwa inakaribia malipo yake yote ya kahawa ya msimu ule.

Jibu fupi lilikuwa hapana. Lakini mzee aliyetembea kwa mguu kwenye jua la saa nane hastahili kujibiwa kwa neno moja. Nikamkaribisha chai nikaanza kumsimulia. Haya ninayoandika leo ni simulizi ile ile, ila nimeipanga vizuri kidogo na kuongeza miaka na tarakimu.

Herufi tatu zina maana gani

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Maikrofoni huugeuza mtikisiko huo kuwa umeme unaopanda na kushuka vivyo hivyo bila kukatika, na huo ndio tunaouita mfumo wa analogi. Tarakilishi nayo inajua namba tu. Ili ihifadhi wimbo, inabidi kimo cha ule umeme kipimwe mara maelfu kwa kila sekunde, na kila kipimo kiandikwe kama namba. Kila kipimo huitwa sampuli.

Wakati wa kusikiliza, kazi inafanywa kinyume. Namba zinasomwa moja baada ya nyingine kwa mpigo wa saa, kisha zinarudishwa kuwa umeme laini wa kupeleka kwenye amplifaya na spika. Kifaa kinachofanya kazi hiyo ndicho DAC, nami hapa nitakiita kigeuzi. Shika jambo moja tangu mwanzo, ndugu msomaji: kigeuzi kinapewa namba, kinatoa umeme, basi. Kilichopotea kabla namba hazijaandikwa, kigeuzi hakina habari nacho.

Santuri na betri

Hapa kwetu, siku ambayo anga ni safi, ukitazama upande wa Tala unauona mlima wa Kilimambogo, ule ambao kwenye ramani huandikwa Ol Donyo Sabuk, mita 2,145. Kakai Kilonzo aliipa bendi yake jina la mlima huo, Kilimambogo Brothers, katika miaka ya 1970. Aliimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili pia, na Kiswahili kikamvusha mipaka ya Ukambani. Nyimbo zilitoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Mara nyingi wimbo mmoja uligawanywa mara mbili: ulianza upande wa kwanza, kisha unageuza santuri ndipo uyapate magitaa yakichachamaa. Kuzichapa hakukuhitaji safari ya Ulaya, kwa maana Nairobi ilikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri tangu miaka ya 1950, na biashara ya kuziuza ilijaa River Road.

Vijijini umeme haukuwapo. Watu walipiga santuri kwa mashine za betri, na betri nyingi zilitoka katika kiwanda cha Eveready mjini Nakuru, kiwanda kilichofungwa 2014. Betri zikichoka, mashine ilipunguza mwendo na mwimbaji akawa na sauti nzito kama mtu aliyeamshwa usingizini. Sindano nayo ilikwangua mfereji wa santuri kidogo kila ilipopita. Hata hivyo, santuri mpya ilikuwa karibu sana na kile kilichofanyika studio, na nakala ya elfu moja haikuwa mbaya kuliko ya kwanza kwa kiasi cha kumfanya mtu alalamike.

Kisha kaseti

Philips ilionyesha kaseti ndogo kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Kufikia miaka ya 1980 ilikuwa imeitawala Kenya yote. Ilikuwa nyepesi, haikurukaruka matatu ilipopita kwenye mashimo ya barabara ya Kangundo, na zaidi ya yote, mtu yeyote mwenye mashine ya kaseti mbili angeweza kunakili.

Hapo ndipo matatizo ya mzee wangu yalipoanzia, ingawa hakujua. Utepe wa kaseti hutembea kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Mwendo ni mdogo na utepe ni mwembamba, kwa hiyo ule mvumo wa "shhh" uko karibu sana na muziki. Kwenye kaseti ya kawaida tofauti kati ya sauti kubwa kabisa na mvumo ni desibeli 50 hivi. Ukiinakili, unanakili wimbo pamoja na mvumo wake, halafu kaseti mpya inaongeza mvumo wake yenyewe. Ikifika nakala ya tatu au ya nne, ile milio midogo ya juu ya nyuzi za gitaa imekwisha, na sauti inayumba kama mlevi. Biashara hiyo ya kunakili bila ruhusa iliziumiza sana kampuni za santuri na wanamuziki wenyewe.

Kakai alifariki mwaka 1987. Katika miaka ile, watu wengi waliosema wana nyimbo zake walikuwa na nakala ya nakala ya nakala.

Namba zinaingia

Wakati hayo yakitendeka kwetu, njia nyingine ilikuwa ikijengwa mbali. Mwaka 1937 Alec Reeves, mhandisi Mwingereza aliyefanya kazi Paris, alibuni wazo la kupeleka sauti ya simu kama namba, kwa sababu alichoshwa na mvumo ulioongezeka kila simu ilipopita kituo kimoja hadi kingine. Ni ugonjwa ule ule wa kaseti zetu. Namba hainakili mvumo: 1 ikinakiliwa mara elfu inabaki 1.

Hesabu ilikuwa tayari. Kotelnikov kule Urusi mwaka 1933, na Shannon kule Marekani mwaka 1949, walionyesha kwamba ukipima wimbi kwa kasi inayozidi mara mbili ya mtikisiko wake wa kasi zaidi, wimbi lote linaweza kurudishwa, hata zile sehemu zilizo kati ya kipimo na kipimo. Hili huwasumbua hata watengeneza programu wenzangu, maana tumezoea kuchora sampuli kama ngazi. Ngazi hizo haziko kwenye umeme unaotoka. Kichujio kilicho mwishoni mwa kigeuzi huzilainisha kabisa.

Mwaka 1980 Philips na Sony zilikubaliana kanuni za CD: sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja ikiwa na biti 16, yaani vimo 65,536. Kwa nini 44,100? Kwa sababu wakati huo namba nyingi kiasi hicho zilihifadhiwa kwenye kanda za video. Sampuli 3 kwa kila mstari, mistari 245, mara 60 kwa sekunde: zidisha utapata 44,100. Kwa video za mfumo wa Ulaya, 3 mara 294 mara 50, jibu ni lile lile. Sikio la binadamu mwenye afya hufika kama kilohezi 20, kwa hiyo kiasi hicho kilitosha na kubakisha nafasi kidogo.

Tarehe 1 Oktoba 1982 Sony ilianza kuuza CDP-101 kule Japani kwa yeni 168,000. Ndani yake kulikuwa na kigeuzi kimoja tu kilichohudumia kushoto na kulia kwa zamu. Philips nayo haikuwa na kigeuzi cha biti 16 kilichokuwa tayari. Ilikuwa na cha biti 14. Wahandisi wake wakaongeza kasi ya sampuli mara nne na kuusukuma mvumo wa makosa juu, mahali sikio halifiki, na biti 14 zikafanya kazi ya biti 16. Mimi kama mwandishi wa programu hupenda sana kisa hiki. Vifaa vilipowapungukia, hesabu iliwaokoa.

Kigeuzi kinapata nyumba yake

Kigeuzi cha siku hizo kilikuwa kigumu kutengeneza. Kilijengwa kwa ngazi za umeme zinazopaswa kulingana kwa usahihi mkubwa, kwa sababu kosa dogo kwenye ile biti kubwa kabisa lilimeza biti ndogo zote. Usahihi huo ulikuwa ghali. Ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni kama Arcam ya Uingereza zilianza kuuza kigeuzi peke yake kwenye kisanduku chake: unabaki na mashine yako ya CD, unaongeza ubongo bora nje. Wakati huo fedha zako zilinunua tofauti ya kweli.

Lakini miaka hiyo hiyo kulikuwa na mapinduzi mengine. Wazo lililochapishwa na Inose na Yasuda wa Japani mwaka 1962 lilianza kuingia madukani: badala ya vimo elfu nyingi vilivyokatwa kwa usahihi, tumia vimo vichache sana, hata viwili tu, lakini kwa kasi ya mamilioni kwa sekunde, kisha chuja. Usahihi ulibadilishwa kwa kasi, na kasi ndicho kitu ambacho viwanda vya elektroniki vimekifanya kuwa rahisi kila mwaka. Tangu hapo bei ya kigeuzi kizuri imekuwa ikishuka.

Miaka ya 2000 visanduku vya nje vilipata sababu mpya, tarakilishi. Kadi nyingi za sauti zilizofuata kanuni ya AC'97 ya mwaka 1997 zilifanya kazi kwa kilohezi 48 tu, kwa hiyo kila wimbo wa CD ulihesabiwa upya kabla ya kusikika, na mara nyingi hesabu hiyo ilifanywa ovyo. Zaidi ya hapo, kelele za ndani ya tarakilishi zilipenya hadi kwenye spika, na ukisogeza kipanya ulisikia "ziii". Kigeuzi cha USB, ambacho kanuni zake zilitoka 1998, kiliitoa kazi hiyo nje ya sanduku lenye kelele.

Je, tofauti ya kigeuzi na kigeuzi inasikika? Mwaka 2007 Meyer na Moran wa Marekani walichapisha jaribio lao. Walipiga rekodi za ubora wa juu kuliko CD, mara zikiwa kama zilivyo, mara zikipitishwa kwenye kigeuzi cha kwenda na cha kurudi cha kiwango cha CD, bila msikilizaji kujua ipi ni ipi. Katika majaribio zaidi ya 550, majibu sahihi yalikuwa karibu nusu, sawa na kurusha sarafu. Kisha mwaka 2016 Apple iliondoa tundu la hedifoni kwenye iPhone 7 na kuuza kipande kidogo cha waya kwa dola 9. Ndani ya kipande hicho mna kigeuzi kamili kilichowapendeza hata wale wanaopima vifaa hivi kwa mitambo. Kile kilichokuwa sanduku la chuma mwishoni mwa miaka ya 1980 sasa kinapotea mfukoni.

Dijitali yafika Kangundo

Kwetu neno dijitali liliingia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ulikuwa siasa: kwenye uchaguzi wa 2013 muungano wa Jubilee ulijiita timu ya kidijitali, na wapinzani wao wakaitwa watu wa analogi. Mlango wa pili ulikuwa televisheni. Februari 2015 mitambo ya analogi ilizimwa, stesheni kubwa za kibinafsi zikakaa kimya kwa zaidi ya wiki mbili, na familia zikakimbilia madukani kununua ving'amuzi.

Ukikichunguza king'amuzi utaona tundu nyekundu na nyeupe nyuma yake. Hapo namba zinatoka zikiwa umeme wa analogi. Maana yake ni kwamba mzee wangu alikuwa na kigeuzi sebuleni miaka yote hiyo, chini ya televisheni, kimefunikwa kitambaa cha kufumwa.

Muziki wenyewe ulikuja kwa kadi ya kumbukumbu. Unaenda saiba au kwenye duka la filamu, unalipa, unajaziwa nyimbo mia tatu kwenye rununu. Nyingi zilikuwa MP3 za kilobiti 128 kwa sekunde. CD hubeba kilobiti 1,411. Hiyo MP3 ni kama sehemu moja ya kumi na moja, na ingawa ikitengenezwa vizuri inasikilizika, wengi waliichukua na kuibana tena mara ya pili na ya tatu.

Kigeuzi kinachotazama upande wa pili

Nilimwomba mzee anionyeshe wimbo anaotaka urudi. Akanipa rununu. Wimbo ulitoka sikio moja tu, magitaa yalikuwa yamekatwa vilele, na nyuma kulikuwa na mvumo wa umeme. Ukiwa umewahi kufanya kazi saiba, unajua kilichotokea. Mtu alichukua kaseti, akachomeka waya kwenye tundu la waridi la tarakilishi. Tundu hilo ni la maikrofoni. Linatarajia umeme mdogo mno, na kwenye tarakilishi nyingi hupokea upande mmoja tu. Kaseti ikalimwagia umeme mwingi, vilele vikakatwa, na namba zikaandikwa hivyo hivyo. Tundu la samawati, la pili yake, lingefaa.

Hapo ndipo nilipomwambia kwamba kuna vigeuzi viwili katika historia hii, na sisi tunabishana juu ya kile kisicho na shida. Kile cha kutoa namba kuwa sauti dunia ilikimaliza zamani. Kile cha kuingiza sauti kuwa namba ndicho kilichotuharibia nyimbo, kwa sababu kilitumiwa kwa haraka, kwa waya mbaya, juu ya nakala ya nne ya kaseti. Na wimbo ukishaharibiwa pale, hata kigeuzi cha bei ya gari kitautoa ukiwa umeharibika kwa uaminifu mkubwa.

Mahali kazi hiyo ilipofanywa kwa uangalifu, matokeo yanasikika. Kampuni ya Shava ya Ujerumani ilitoa CD za mkusanyiko wa nyimbo za Kakai. Ketebul Music ya Nairobi ilitoa mwaka 2008 mkusanyiko wa historia ya benga. Sikiliza kazi kama hizo kwa waya wa bei rahisi kabisa, zitaishinda ile MP3 ya saiba iliyopitishwa kwenye kifaa cha kifahari.

Ununue lini, na ufanye nini kwanza

Sisemi usinunue kigeuzi. Nunua ikiwa rununu yako haina tundu la hedifoni. Nunua ikiwa tarakilishi inakutilia kelele kwenye spika. Nunua ikiwa televisheni yako mpya ina tundu la mwanga tu na amplifaya yako inataka nyekundu na nyeupe. Waya wa mwanga una faida nyingine pia, kwa kuwa haupitishi umeme, kwa hiyo ule mvumo wa hezi 50 unaozunguka kati ya vifaa viwili unakatika. Ila kumbuka kuweka sauti ya televisheni kwenye PCM, la sivyo kisanduku kidogo kitanyamaza utafikiri kimekufa. Kwa kazi zote hizi kifaa cha bei ya chini kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana kinatosha. Fedha zikibaki, weka kwenye spika, kwa sababu makosa ya spika bado ni makubwa kuliko ya kigeuzi chochote.

Lakini kabla ya yote, tafuta chanzo. Tafuta kaseti ya kwanza, si nakala yake. Safisha kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti. Geuza polepole ile skrubu ndogo ya kichwa hadi milio ya juu isikike wazi kabisa. Peleka sauti kwenye tundu la samawati au kwenye kifaa cha USB chenye tundu la namna hiyo. Rekodi kwa biti 24, na acha vilele vibaki desibeli 6 hadi 12 chini ya kikomo. Kaseti yenyewe haijazi hata biti 10, ila biti 24 zinakupa nafasi ya kukosea bila kukata chochote. Hifadhi kama WAV, au kama FLAC, ambayo tangu 2001 ni ya bure na haipotezi kitu. Weka nakala mahali pawili. MP3 tengeneza mwishoni, ya kubeba kwenye rununu.

Mzee alirudi baada ya wiki moja na katoni. Nyimbo za Kakai tulizipata, nzuri kuliko za kwenye rununu yake ingawa "shhh" ilibaki. Chini ya katoni kulikuwa na kaseti isiyo na jina. Akasema ni ya arusi, mwaka 1984, aliyepiga gitaa ni marehemu mdogo wake, na nakala nyingine haiko. Kama angenunua kile kifaa, kaseti hiyo ingekaa pale chini hadi utepe uoze.

Tuliirekodi jioni ile ile, kabla stima haijapotea. Tukaisikiliza kwa rununu yangu, waya mdogo, na sabufa ya sebuleni. Kabla ya wimbo kuanza mtu anahesabu kwa Kikamba, ĩmwe, ilĩ, itatũ. Mzee akaweka kikombe chini.

"Ndiye huyo," akasema.

Malipo ya kahawa alikwenda nayo nyumbani. Wewe nawe, kama kuna katoni chini ya kitanda cha wazazi, ifungue wiki hii.